Mashine Haijui Utani

Ndege ya wagonjwa iliinuka saa mbili kasorobo asubuhi, na Nyamizi ndiye aliyeisemea.

Alisimama juu ya kichuguu kilicho nje ya uzio wa kiwanja cha Isungu, miwani usoni, kidole kikifuata kile kitu cheupe kilichokuwa kikikimbia kwenye vumbi. Ndani yake alikuwamo mdogo wake, Nyanzala, mwenye mimba ya miezi minane, aliyekuwa akivuja damu tangu alfajiri. Kulikuwa na machela moja na viti viwili. Kimoja alikaa muuguzi, cha pili mama yao. Nyamizi alibaki chini, na kitu pekee alichoweza kumfanyia mdogo wake kilikuwa ni kumwona.

"Imeinuka," alisema.

"Imeinuka," aliitikia Bwana Pazi nyuma yake.

Miwani ikatetemeka kidogo penye kipaji cha uso, pale mshipa unapopita. Maana yake Daftari, mtambo unaoongoza safari zote za anga, limeandika. Sasa kila kiwanja kutoka hapa hadi pwani kitajua kwamba ndege ile ni ndege kweli, imetoka Isungu kweli, na watu wawili wenye damu mwilini wameiona kwa macho. Itafika hospitali ya pwani saa nne kasorobo. Madaktari walikuwa wamekwisha andaa glavu.

"Ataishi," alisema Pazi. "Wanyamwezi hamfi kirahisi. Mmekula mno michembe, viazi vyenu vya kukausha, hata Izraili akija mnamkalia tumboni."

Nyamizi hakucheka, ila moyo ulipungua uzito. Pazi alikuwa Mzaramo, fundi baiskeli, mwenye ndevu chache nyeupe na umri wa kumzaa. Lakini alikuwa mtani wake, kama walivyo Wazaramo na Wanyamwezi wote, na mtani hana umri.

Siku zote Pazi alisema kwamba yeye alianza kudaka ndege enzi za kistaarabu. Wakati huo mtu alikuwa na darubini moja ya kuazima, daftari la mistari na penseli iliyofungwa uzi. Ndege ikipita, unasoma namba ubavuni, unaandika, basi, umeidaka, na hakuna aliyekuuliza kwa nini. Watu walikuona mwehu. Baadaye zikaja redio za kusikiliza marubani wakiongea. Baadaye simu, ambazo zilichora vindege vidogo kwenye ramani, ukawa unajua jina la ndege kabla hujainua shingo. Pazi alijitengenezea hata antena ya bati juu ya banda lake.

Halafu ukaja mwaka wa mizuka. Watu waovu walijifunza kutengeneza ndege zisizokuwapo. Kwenye ramani ungeona ndege ishirini zinatua, angani hakuna hata kunguru. Zilighushiwa sauti za marubani, zikaghushiwa picha, zikaghushiwa hata simu za abiria waliodai wanaomba msaada. Ndege za kweli ziligongana zikikwepa za uongo. Mwisho wake, wakubwa waliosimamia anga wakaona kitu kimoja tu hakijaweza kughushiwa: watu wawili wamesimama mahali pamoja, wote wanaona kitu kimoja, mmoja anasema na wa pili anaitikia, na mapigo yao yanapimwa wasije wakawa wamelazimishwa. Wakatafutwa wale wehu wa madaftari. Wakapewa miwani. Ndege zenyewe zikaondolewa marubani, zikawa zinalitii Daftari tu.

Nyamizi, ambaye shule aliiachia darasa la tano, aliyekuwa akiona haya hata kuagiza chai mgahawani, akawa mtu ambaye neno lake linashusha ndege.

*

Ilipofika saa mbili na dakika ishirini, moshi ulikuwa umeshuka. Ulikuwa ni msimu wa kuchoma mapori, na upepo uliuleta wote juu ya kiwanja. Ncha ya mbali ya njia ya kurukia ilipotea, kisha nusu yake.

"Korongo Tisa inakuja," alisema Nyamizi. Aliijua kwa mlio. Injini yake ya kushoto ilikuwa na kikohozi. Miwani ikatetemeka: Daftari limefungua ukurasa wa Korongo Tisa, abiria arobaini na watatu, kutoka ziwani.

"Masikio ya popo hayo," alisema Pazi. Alikuwa ameinama, analia kwa moshi, anafuta macho kwa ncha ya shati. Miwani yake ilikuwa imepanda hadi kwenye paji la uso. Naye Nyamizi akaipandisha yake ili apumue.

"Babu zenu," Pazi aliendelea huku macho ameyafumba, "walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka kwetu. Walipofika pwani wakaonja bahari, wakaulizana, nani kamwaga chumvi kwenye bwawa la watu?"

Hapo ndipo Nyamizi alipocheka. Alicheka kwa sababu tangu alfajiri alikuwa hajavuta pumzi kamili. Na kwa kuwa mtani akirusha lazima arushiwe, alitafuta la kumrudishia, akalipata pale pale. Ulikuwa mchezo wa zamani wa wadaka ndege. Mwenzako akisinzia unamtangazia ndege iliyotua wakati haijatua, naye akiitikia kwa aibu ya kutotaka kujulikana kwamba hakuwa macho, siku hiyo atabeba vikapu vya wote. Pazi mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

"Imegusa!" alisema. "Mzee, umelala?"

"Imegusa," aliitikia Pazi haraka, bila kufumbua macho.

Nyamizi aliangua kicheko. Alikuwa amekwisha nyoosha kidole kumwonyesha mzee moshi mtupu, njia tupu, na mlio wa injini bado uko juu huko, kaskazini, unakohoa.

Miwani ikatetemeka kwenye paji la uso wake.

Ile ya Pazi pia.

Alipoirudisha machoni, maandishi yalikuwa yamekwisha tokea. *Korongo Tisa. Imetua Isungu. Mashahidi wawili, mapigo safi. Ukurasa umefungwa.*

Walitazamana. Juu yao mlio ulifika, ukapita, ukaanza kuzunguka. Na chini ya maandishi yale yakaja mengine mekundu: *Tahadhari. Mzuka juu ya Isungu. Usiitikiwe. Unadai kuwa na mafuta ya dakika ishirini na tano.*

"Mtani," alisema Pazi polepole. "Niambie umeiona."

"Nilikutania."

"Mimi sikuiona."

"Najua."

*

Bi Mgalula, mlinzi wa kiwanja, alikuwa akifukuza mbuzi kwa fagio walipomfikia wakihema. Hakuna mtu mwingine kiwanjani. Mnara ulikuwa umefungwa kufuli tangu Daftari lianze, na popo walikuwa wamehamia.

"Bi Mgalula, ndege iko juu. Korongo Tisa. Ifungulie njia!"

"Njia imefungwa na chombo chenyewe, mwanangu. Hata mimi kinaniambia kuna mzuka." Alionyesha kijisanduku ukutani kilichokuwa kikiwaka taa nyekundu. "Taa zimejizima. Vizuizi vimeinuka."

"Si mzuka. Sikiliza."

Bi Mgalula alisikiliza. Uso ukambadilika, maana naye alikuwa amekaa hapo miaka kumi na miwili. "Mbona inakohoa kama Korongo?"

"Ni Korongo."

"Nani kasema imetua?"

Nyamizi alitazama miguu yake kwa ile haya ya zamani.

"Tulikuwa tunataniana," alisema Pazi.

Fagio lilimwanguka Bi Mgalula mkononi. "Na miwani usoni? Mzaha mzaha hutumbuka usaha, nyie watu! Mimi hapa nina ufunguo wa choo na wa stoo ya mafagio. Nifanye nini? Ingekuwa ina rubani ningempungia kanga. Haina mtu wa kupungiwa. Inazunguka tu mpaka ianguke." Akamshika Nyamizi mabega. "Kauli hufutwa na aliyeitoa. Si walikufundisha? Wewe ndiye msemaji. Futa."

Nyamizi alikuwa anajua. Alikuwa amejua tangu pale kichuguuni, na alikimbia hadi getini akitafuta mtu wa kumwambia kwamba ipo njia nyingine asiyoijua yeye.

Msemaji akifuta kauli moja, ameanguka. Na shahidi akianguka, kila alichokishuhudia siku hiyo kinaanguka pamoja naye. Hiyo ndiyo kanuni, wala haikuwa kanuni mbaya: mtu aliyenunuliwa na waovu asubuhi hawezi kuaminiwa mchana. Ndege ambazo zimekwisha kufika hazidhuriki. Iliyo angani hupoteza shahidi wake, huamriwa ishuke kwenye kiwanja kitupu kilicho karibu, na hukaa hapo hadi mashahidi wapya wafike waione. Huko porini mashahidi hufika kwa gari. Saa mbili, wakati mwingine tatu.

Siku hiyo Nyamizi alikuwa amesemea ndege nne. Tatu zilikuwa zimefika.

"Nyanzala yuko wapi sasa?" aliuliza.

Pazi aliangalia miwani yake. "Juu ya hifadhi ya wanyama. Katikati kabisa."

"Na akisubiri saa mbili?"

Alfajiri hiyo muuguzi alikuwa amesema mbele yao wote watatu kwamba mifuko ya damu aliyonayo inatosha safari moja.

*

Alirudi kichuguuni kwa sababu miguu ilijua njia hiyo. Zilibaki dakika kumi na tatu.

Korongo Tisa ilipita juu, isionekane. Akafikiria kwamba mle ndani watu wamekwisha kuona kuna jambo. Mtu anauliza mbona tunazunguka. Mwingine anajibu ni moshi tu. Akafikiria kwamba hawajui jina lake na hawatalijua kamwe. Daftari litaandika mzuka umetoweka. Watakapookota mabaki hakuna atakayemshika, kwa kuwa mapigo yake yalikuwa safi. Akafikiria uso wa Nyanzala alipofungiwa mkanda wa machela. Alimwambia, "Dada, usiondoe macho." Naye hakuondoa.

"Mzee, nichagulie," alisema.

"Hapana."

"Wewe ni mkubwa."

"Ni mkubwa, ndiyo. Na ndimi niliyeitikia kitu nisichokiona, kwa aibu ya mzee kuonekana amechoka. Dhambi hiyo nusu ni yangu, nitaila. Lakini mdogo wako si wa kuamuliwa na mdomo wangu."

Ndege ikakohoa. Dakika kumi na moja.

Nyamizi alishusha miwani machoni. "Nafuta kauli," alisema. "Korongo Tisa haijatua. Nilisema uongo."

Yakaja maandishi: *Mapigo ya hofu. Shahidi huenda amelazimishwa. Kauli ya kufuta haikupokelewa.*

Alisoma mara mbili. Alisema tena, kwa sauti kubwa. *Haikupokelewa.* Alisema huku analia, akapiga kelele, akaitukana. *Haikupokelewa.* Alijaribu kuvuta pumzi kama walivyofundishwa, akahesabu, na kila alipofika tatu aliona machela. *Haikupokelewa.*

"Imekubali uongo wangu," alisema, akichuchumaa. "Ukweli inaukataa. Bwana Pazi, imeukataa!"

Pazi alimtazama binti yule aliyechuchumaa juu ya kichuguu. Alielewa kabla yake. Uongo ule ulipita kwa sababu ulisemwa kwa kicheko. Utani ni uongo usio na hofu ndani yake, na mashine ilitafuta hofu tu. Akajua anachotakiwa kufanya, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakutaka kutania.

Kwao, mtu akifiwa, mtani wake huja kabla ya machozi kukauka. Hujilaza kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Humwigiza marehemu alivyokuwa akikoroma. Wageni wasiojua huona ni ukatili, lakini wafiwa hucheka, na wakishacheka hupata nguvu ya kushika jembe na kufukia.

Pazi alilala chini chali, kwenye vumbi, mikono kifuani, kama maiti.

"Unafanya nini?" aliuliza Nyamizi.

"Mimi ni Nyanzala," alisema Pazi kwa sauti nyembamba. "Nimefika mlango wa pepo. Malaika ananiuliza, umekuja na nini? Namwambia nina gunia la michembe. Ananiambia humu kuna asali na maziwa. Namwambia, hapana, baba, sisi kwetu asali tunawauzia Wazaramo, nionyeshe jiko liko wapi."

"Nyamaza."

"Malaika anasema, jikoni wamo Wanyamwezi wenzio elfu sita, wote wanauliza kama kuna uyoga. Tumechoka nao. Mrudisheni huyu mmoja duniani, tafadhali, pepo imejaa!"

"Nimesema nyamaza!"

"Nami nasema sirudi! Dada yangu Nyamizi anadaiwa gauni langu la maua, alilivaa kwenye ngoma akalipasua matakoni, akalirudisha limekunjwa vizuri kama biskuti. Alidhani sijaona!"

Ilikuwa kweli. Nyanzala alikuwa amelitangaza jambo hilo kwa kijiji kizima. Nyamizi alisikia kitu kinamtoka kifuani, akadhani ni kilio. Kilikuwa ni kicheko. Kilimkamata tumboni na kumkunja. Alicheka akiwa amejishika mbavu, machozi yanamchuruzika ndani ya miwani, na mzee yule aliyelala kwenye vumbi alicheka naye huku kidevu kikimtetemeka. Kisha kicheko kikaisha, kama mvua inavyokatika juu ya bati, na nyuma yake kukawa na utulivu mkubwa. Hakuwa na hofu tena. Lililoogopwa alikuwa amekwisha kulitazama.

"Nafuta kauli," alisema. "Korongo Tisa haijatua. Ilikuwa utani."

Miwani ikatetemeka mara moja tu. Halafu vioo vikawa vyeusi.

*

Taa za njia ziliwaka. Vizuizi vikalala. Korongo Tisa ilitokea kwenye moshi ikiwa chini sana, ikagusa, ikaruka kidogo, ikagusa tena, na injini ya kushoto ikazimika kabla haijasimama. Nyamizi aliiona kwa macho matupu. Alitaka kusema neno lile kwa mazoea, akalimeza.

Abiria walishuka ngazi wakikohoa, wakilalamikia kucheleweshwa. Hakuna aliyeuliza. Bi Mgalula aliwapita mmoja mmoja akiwagusa mikono, nao walidhani ni mwanamke asiye na akili timamu.

Simu ya Nyamizi iliita saa tatu kasoro dakika tano. Ilikuwa simu ya ndege ya wagonjwa.

"Mwanangu," alisema mama yake. Nyuma yake kulikuwa na upepo, na vyuma vikigongana. "Tumeshushwa porini, hakuna nyumba, hakuna mtu. Chombo kinasema shahidi wetu ameanguka. Muuguzi amefungua mfuko wa mwisho. Nenda uwaambie hao watu wa Daftari. Wewe unawajua."

"Mama."

"Waambie ulituona. Si ulituona?"

"Niliwaona, mama. Ni mimi niliyeanguka."

Alimweleza. Hakurefusha. Pazi alikuwa amesimama hatua mbili kando, kofia mkononi.

"Ni wangapi?" aliuliza mama.

"Arobaini na watatu."

"Umewaona wakishuka?"

"Nawaona sasa hivi."

Mama alipumua. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imezeeka. "Mimi sina la kukuambia, Nyamizi. Leo sina. Mwambie mwenyewe. Yuko macho, namwekea sikioni."

Simu ikasuguana na kitambaa. Kisha akasikia pumzi fupi fupi, za mtu aliyepanda mlima na bado hajafika.

"Mdogo wangu," alisema Nyamizi.

Pumzi ilisimama, ikaendelea.

Hakujua aombe msamaha kwa maneno gani. Kazi aliyokuwa anaiweza ilikuwa moja tu, kusema anachokiona. Akageukia kiwanja.

"Kuna bibi anashuka," alisema. "Amejifunga kanga ya kijani, anamkaripia mjukuu wake kwa kuacha kiatu kimoja ndani ya ndege. Nyuma yake kuna kijana amebeba gitaa. Kuna mwanamke mjamzito, Nyanzala. Mumewe anamshika kiwiko, naye hataki kushikwa. Kuna baba mmoja mnene, amepiga magoti anabusu vumbi, wenzake wanamcheka. Sasa anashuka msichana..."

Akaendelea, mmoja baada ya mwingine, bila kuruka hata mmoja, na upande wa pili pumzi zikamsikiliza.